Moshi wa Kumdanganya Amri

Tunduma, 10 Mei 2025

Mdogo wangu Sabra,

Assalaam alaykum. Najua utaigeuzageuza bahasha hii kabla ya kuifungua, maana tangu Amri akuoe mimi na wewe tumeonana siku moja tu, kwenye msiba wa baba yake, na siku ile tulishikana mikono kama watu wanaonunua kitu wasichokitaka. Sikuandikii ugomvi. Simu yako Amri anaipekua akiwa huko, yangu anaipekua akiwa hapa, na kuna jambo sitaki alisikie kabla sijalielewa. Anayekuletea barua hii ni Jenista, yule mama wa Mbozi anayeshuka huko kununua mchele. Jibu mpe yeye mwenyewe, mkononi.

Mume wetu amerudi juzi, lori limejaa magunia ya mkaa kama kawaida, lakini anachechemea. Nilipomvua viatu nikakuta nyayo na vidole vimeungua, miguu yote miwili. Ameniambia maji ya rejeta yalimmwagikia. Sabra, mimi nimewapikia madereva hapa mpakani tangu ujana wangu, na maji ya moto yamenimwagikia mara nyingi. Maji yanatoka juu kwenda chini. Miguu ya Amri imeungua kuanzia chini. Suruali haina hata doa.

Sasa niambie. Yeye husema kazi yake huko ni kununua mkaa wa watu na kuusafirisha tu. Ameungulia wapi?

Jambo la pili nakuambia ili ujue kwamba sikuombi siri bila kukupa yangu. Afisa maendeleo ya jamii alituita mama lishe wote tunaozunguka maegesho ya malori. Serikali inataka tuache kupikia mkaa. Mitungi ya gesi itauzwa nusu bei, nusu nyingine inalipa serikali, na asiyeiweza gesi atafundishwa kutumia jiko banifu, lile linalokula mkaa kidogo. Kikundi kikatakiwa kiwe na mwenyekiti. Wakanichagua mimi, mke wa muuza mkaa! Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani mpaka bodaboda mmoja akaniuliza kama nina homa.

Amri hajui.

Mwenzako,
Mwanamvita


Kamsamba, 13 Mei 2025

Bi mkubwa,

Shikamoo. Barua nimeipata. Jenista alisimama mlangoni mpaka nikamaliza kusoma, kama askari.

Miguu ya Amri ni rejeta. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Lori lilichemka pale mlimani kabla ya kufika Chitete, akafungua kifuniko kwa haraka, maji yakaruka. Ndivyo ilivyokuwa. Sioni kwa nini tuandikiane kwa jambo hilo.

Hapa tunavuna mpunga. Joto ni lile lile, hata kivulini mtu anatoka jasho. Kuhusu gesi, watu wa huku wanasema mtungi ukipata jua unalipuka. Kamsamba jua halina mahali lisipofika, sasa mtungi tutauficha wapi? Lakini pengine hayo si maswali yangu. Wewe una umeme, una bomba uani, na sasa unaletewa gesi. Mimi nina mawe matatu na kuni ambazo kila mwaka nazifuata mbali zaidi, kwa sababu miti ya karibu imeingia kwenye magunia yanayokulisha wewe. Usiniulize mambo ya moto.

Nakutakia heri na uenyekiti wako. Siri yako sitaitoa.

Mdogo wako,
Sabra

Nauliza tu: asali inaponya kweli kidonda cha moto? Na kidonda kikianza kutoa usaha wa kijani, ni dalili ya kupona?


Tunduma, 18 Mei 2025

Sabra,

Ulikuwepo. Lori likachemka mlimani, safari nzima kutoka kwako, nawe ulikuwepo. Ulipanda juu ya magunia?

Sikukasirika kwa maneno yako ya mawe matatu. Nilikasirika siku moja, nikasonya, nikapika, ikaisha. Ni kweli mkaa unaotoka huko umenilisha mimi na wanangu. Lakini miguu ya Amri imekauka, anavaa viatu, jana alikwenda mpaka msikitini bila fimbo. Hana usaha wa rangi yoyote. Kidonda unachoniuliza ni cha nani?

Subiri, usinijibu kwa hasira. Nikueleze ya hapa kwanza, maana nayo yananinyima raha.

Mtungi nimeupata. Siku ya ugawaji tulipanga foleni pale ofisi ya kata, wengine wakiogopa hata kuugusa, wakatufundisha kufunga regulata, kupima kwa povu la sabuni kama gesi inavuja, na kutouweka karibu na moto mwingine. Jua si adui yake kama mnavyosema, ila kivuli ni bora. Na Sabra, nakuapia, asubuhi ya kwanza nilipoiwasha ile buluu yake, nikapika chai ya madereva bila kupuliza, bila machozi, nilikaa nikaitazama kama mtu aliyeletewa mgeni. Dereva mmoja wa Ndola, huwa anapita hapa kila mara, akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Mulishani, bamayo!" yaani hujambo mama, kisha akasema, "Leo hunuki moshi." Nilishindwa kujua kama amenisifu au amenitukana.

Lakini Amri. Kila nikisikia yuko njiani, nawasha jiko la mkaa mbele ya banda, natupia vijiti vibichi, naweka juu sufuria la maji matupu. Moshi unapanda, anauona kuanzia barabarani, anatabasamu. Nyuma ya pazia mtungi unaivisha wali na maharage. Mwanamke wa umri wangu, na wajukuu wangu, nachoma vijiti kumdanganya mume.

Ningemwambia, lakini juma lililopita alikuja na dalali. Wakazunguka nyumba, dalali anagonga kuta kwa vidole kama anayechagua tikiti. Nikauliza. Amri akasema: "Mkaa umebakiza miaka michache, mke wangu. Shule zimekatazwa, hoteli zinaacha, kesho watafuata majumbani. Nauza nyumba, naongeza lori la pili, tunauza wote tunaoweza kabla hawajafunga mlango." Nyumba hii nilibebea maji ya matofali yake nikiwa na mimba. Bila saini yangu haiuziki, na saini sijatoa, lakini kila siku ananiomba kwa upole, na upole wake unanitisha kuliko kelele.

Wewe anakusikiliza. Zungumza naye. Na uniambie kidonda ni cha nani.

Mwanamvita


Kamsamba, 21 Mei 2025

Dada Mwanamvita,

Ni cha Mika, mdogo wangu, tuliyezaliwa tumbo moja.

Nimekudanganya na sikuzoea. Amri hanunui mkaa wa watu. Ana matanuru yake mwenyewe, ng'ambo ya mto, ndani ya msitu wa hifadhi ambako kukata hata ufito hakuruhusiwi. Mika ndiye msimamizi. Chini yake kuna Clement na vijana wengine wawili wenye familia zao. Vibali anavyoonyesha barabarani ni vya mkaa wa mahali pengine.

Siku ile walikuwa juu ya tanuru kubwa, wanaziba matundu kwa udongo ili moto usitoke. Amri alikuwa anaharakisha, anataka kupakia kesho yake. Udongo ukatitia. Mika akazama mpaka mapajani. Amri ndiye aliyeingia akamvuta, ndipo akaungua nyayo. Hilo ni la kweli na ninamheshimu kwa hilo. Lakini baada ya kumvuta akasema asipelekwe kituo cha afya. Mganga atauliza ameungulia wapi, na jibu litatufunga wote. Akamleta kwangu kwa pikipiki ya kukodi, Mika katikati yake na mwendeshaji, anauma shati. Kesho yake akapakia lori akaja kwako.

Yuko chumba cha pili. Nampaka asali, namfunika kwa kanga safi. Siku za mwanzo alikuwa anatania. Sasa hatanii. Mguu wa kushoto umevimba, na harufu, dada, naifukiza kwa ubani ili mke wake asiisikie akija. Anamwita mama yetu, na mama yetu alishakufa.

Amri akipiga simu ananiuliza, "Anaendeleaje?" nami namjibu anaendelea vizuri, kwa sababu ndivyo anavyotaka kusikia. Sijui nifanye nini. Usimwambie nimekuandikia.

Sabra


Tunduma, 23 Mei 2025

Sabra,

Mpeleke leo. Usimalize hata kuisoma barua hii, mwite mtu mwenye pikipiki, au Jenista akupe nafasi kwenye gari lake la mchele, nimeshamwambia. Mganga kazi yake ni kidonda. Akiuliza, sema moto wa kuni, sema chochote. Mtu akifa chumba cha pili utamjibu nani?

Mengine baadaye.

Mwanamvita


Kamsamba, 12 Juni 2025

Bi mkubwa Mwanamvita,

Nilikutii. Nilimpeleka siku ile ile. Kutoka kituo cha afya wakamhamishia hospitali, wakamkata vidole vyote vya mguu wa kushoto na nyama nyingi ya nyuma. Yuko hai. Kwa hilo nakushukuru, na shukrani yangu inaishia hapo.

Haikupita wiki, maofisa misitu wakavuka mto. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye matanuru, wakayavunja, wakachukua misumeno. Lori la Amri likakamatwa kizuizini siku hiyo hiyo, yeye akaliacha akakimbilia porini. Clement na wenzake wamejificha kwa ndugu zao. Idi imepita hapa kama siku ya matanga. Watu wanapita mbele ya nyumba yangu wanapunguza mwendo ili waangalie.

Nani alijua njia ya matanuru? Mimi nilimwandikia mtu mmoja tu. Na mtu huyo ni mwenyekiti wa serikali wa mambo ya gesi, na hataki nyumba yake iuzwe, na lori likikamatwa nyumba inapona. Nilivyopiga hesabu hiyo nilijiona mjinga. Nilikupa mdogo wangu, nikakupa mume, nikakupa yote kwenye karatasi, ukaipeleka mezani kwao.

Ungeniambia tu kwamba hunipendi. Ningekuelewa.

Sabra binti Jonasi


Tunduma, 16 Juni 2025

Sabra,

Sikupeleka chochote kwa mtu yeyote. Barua yako niliichoma kwenye lile jiko la uongo. Nakuambia mara moja tu, sitaapa, kwa sababu mtu asiyekuamini hata ukiapa anahesabu viapo.

Na wewe si wa kwanza kunishtaki. Amri alifika hapa usiku wa kuamkia Idi, miiba kwenye shati. Sikuwa na muda wa kuwasha moshi. Akalivuta pazia akauona mtungi. Akasema taratibu, "Kumbe ni wewe." Nikamwambia mtungi ni wa kupikia wali, si wa kupelelezea watu. Akaupiga teke, kwa mguu ule ule ulioungua, ukabingirika mpaka uani kwa jirani, naye akaketi chini ameshika mguu analia. Sijui alilia mguu au lori. Nikamuuliza, "Mika je?" Hakujua kwamba najua. Aliposikia jina hilo alivaa viatu, akatoka. Wanasema amevuka mpaka kwenda Nakonde. Simu yake haipatikani. Ikiwa amekuja kwako niambie, si kwa wivu, ni ili nilale.

Nimewaza usemalo kuhusu nyumba. Ni kweli lori limekamatwa na nyumba imepona. Nikagundua moyo wangu ulifurahi kidogo, kisha ukaona haya. Hilo nakuachia ulifikirie utakavyo.

Mwanamvita


Kamsamba, 28 Juni 2025

Dada,

Nimekosa. Sijui niliandike namna gani ili likae sawa. Nimekosa.

Ni Mika mwenyewe. Nimetoka kumchukua hospitali, na njiani nilikuwa nakulaani wewe kwa sauti, ndipo akaniambia, "Acha. Ni mimi niliyesema." Alipozinduka baada ya kukatwa vidole, wa kwanza kumfikiria alikuwa Clement. Alijua tanuru lile lingine kubwa lilikuwa limeanza kutitia upande mmoja, na vijana wanapanda juu yake kila siku kwa sababu Amri hakuwaambia waache. Akamwita mganga, mganga akamwita mtu wa misitu, Mika akawachorea njia kwa kidole kwenye shuka. Hakumtaja Amri kwa jina. Alisema tu, "Wateremsheni wale watu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza. Akasema, "Wewe ungemuuliza Amri."

Ndivyo nilivyo, dada. Ningemuuliza Amri.

Amri hajaja. Nimebaki na Mika, mke wake, mtoto wao, na mpunga kidogo. Huku nako serikali imefika kwa namna yake. Ofisa mmoja wa maendeleo, binti mdogo anaitwa Tusekile, amekusanya wanawake kwenye mashine ya kukoboa. Pale nyuma pumba za mpunga zimerundikana kama kilima, kila mwaka zinachomwa bure. Anatufundisha kuziunguza kwenye pipa, kuzichanganya na udongo na uji wa muhogo, kuzifinyanga mabonge ya kupikia. Anaita mkaa mbadala. Na jiko la udongo lenye mlango mmoja, kuni moja inafanya kazi ya tatu. Jiko limekubali. Mabonge yangu bado, yanatoa moshi mpaka kuku wanakimbia. Nikikaa bila kufanya kitu nawaza, kwa hiyo nafinyanga.

Unisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie tu.

Sabra


Nakonde, 9 Julai 2025

Kwa mke wangu Mwanamvita,

Salaam. Mimi mzima. Nimepata kibarua cha kupakua mizigo kwenye maghala ya huku, nalala kwa rafiki. Usinitafute.

Nimeulizia kuhusu lori. Kuna mtu anasema kwa kitu kidogo linaweza kutoka kimyakimya bila kufika mahakamani. Kwa hiyo nyumba sasa lazima iuzwe. Nakuomba uweke saini, dalali atakuletea karatasi. Likitoka nitaanza upya upande wa huku, wao bado wanahitaji mkaa.

Sabra usimwambie niko wapi. Akijua atakuja, na nikimwona nitamwona Mika.

Nilikukosea kuhusu mtungi. Nilikuwa na hasira.

Mumeo,
Amri


Tunduma, 13 Julai 2025

Mdogo wangu,

Nilikwisha kukusamehe kabla barua yako haijafika. Mtu anayechunga kidonda peke yake anaruhusiwa kumshuku yeyote.

Nimekuwekea humu barua ya Amri. Amesema usiambiwe alipo, nami nimeona kwamba siri za mume huyu zimeshakata vidole vya kutosha. Isome. Dalali amekuja na karatasi zake, nimemnywesha chai nikamrudisha.

Gesi yangu iliisha katikati ya kupika wali, madereva wamekaa wanasubiri. Mtungi ulikuwa nusu bei, lakini kuujaza ni bei kamili, na siku hiyo mkobani hapakuwa na kitu. Unajua nilifanya nini? Nilinunua mkaa. Mimi, mwenyekiti. Nikaufunika kwa khanga nikipita mbele ya wanakikundi wangu, kumbe wawili kati yao nao walikuwa wamefunika wao.

Kwa hiyo ulipoitishwa mkutano na mgeni wa kutoka mkoani, nikasimama. Nilimwambia, "Mheshimiwa, mmetupa mtungi, tunashukuru. Lakini mama lishe hanunui unga wa mwezi, ananunua wa leo. Mkaa unauzwa kwa kopo, gesi inauzwa kwa mtungi mzima. Hapo ndipo mkaa unapowashinda." Watu wakapiga makofi. Akasema, "Mama, hilo ni la msingi," akaandika. Nikamwambia, "Bado sijamaliza. Na hao mliowafukuza kwenye matanuru, nao wana wake wanaopika. Wao mmewaandikia wapi?" Hapo makofi hayakupigwa. Mgeni alinitazama, akasema hana jibu la leo. Nilimpenda kwa hilo, wengine wangekuwa nalo.

Sasa wanakikundi tumekubaliana na wakala mmoja, mtungi mmoja tunaugawana wapishi wawili, tunachanga kila jioni. Si dawa, lakini wiki hii sijanunua mkaa.

Sabra, njoo Tunduma. Tumjibu huyu mtu pamoja. Nikimjibu peke yangu atasema ni mke mkubwa analinda kuta zake.

Mwanamvita


Tunduma, 22 Julai 2025

Kwa mume wetu Amri,

Assalaam alaykum. Usishtuke kuona mwandiko wa aina mbili. Tumekaa meza moja, jikoni, na tunapokezana kalamu.

Nyumba haiuzwi. Hili naliandika mimi Mwanamvita. Si kwa sababu ya kuta. Lori likitoka kwa mlango wa nyuma, litarudi mtoni, na safari ijayo atazama mwingine, na huenda asipatikane wa kumvuta.

Hapa naandika mimi Sabra. Jana tulikwenda ofisi ya misitu, Bi mkubwa na mimi. Wanajua lori ni lako, jina liko kwenye kadi. Yule anayekuambia litatoka kimyakimya anakula pesa zako tu. Wakasema mwenye lori akija mwenyewe na kusema ukweli, mahakama itaangalia hilo. Akikamatwa itaangalia lingine. Hawakutuahidi chochote na sisi hatukuahidi chochote kwa niaba yako.

Mika anatembea na fimbo. Hakukutaja. Mimi nilitaka akutaje. Ulimvuta kwenye moto, na kwa hilo mpaka leo anakuita shemeji. Halafu ulimwacha chumba cha pili ukaniuliza kwa simu anaendeleaje, nami nikakudanganya kwa sababu nilikuogopa. Sikuogopi tena, na hilo limeniuma kuliko nilivyofikiri.

Mwanamvita tena. Nakonde ni kutembea kwa mguu kutoka hapa. Kama unataka tuje tukuchukue tutakuja, wote wawili, mbele ya wapakuaji wenzako. Afadhali uje mwenyewe. Usimtume dalali, usimtume rafiki.

Tumepika kwa gesi na hatujawasha moshi wowote.

Wake zako,
Mwanamvita
Sabra


Kamsamba, 24 Agosti 2025

Dada yangu Mwanamvita,

Umeniomba nikuandikie yote aliyofanya Amri tangu alipotoka kwako kuja huku, na kwamba nisikufiche. Sikufichi.

Baada ya kujisalimisha kama tulivyomwambia, na mahakama kumpiga faini na kulitaifisha lori, nilidhani angekaa kwako apumzike, uso wake umekwisha. Lakini alishuka hapa juzi kwenye gari la Jenista, ameketi juu ya magunia matupu. Hakuja kwangu kwanza. Alinipita mlangoni, akasema "hodi" akiwa ameshaingia, akaenda chumba cha pili. Mimi nilibaki na mikono imejaa udongo na pumba. Ukuta wetu ni mwembamba, nilisikia.

Mika akasema, "Ni mimi niliyewaonyesha njia, shemeji."

"Najua."

"Ningewaonyesha tena."

Amri akasema, "Ulikuwa umelala humu, na mimi nikapakia nikaondoka."

Mika akamjibu, "Ulipakia mpaka magunia ya lile tanuru lililoniunguza. Niliyasikia yakitupwa juu ya lori hapo nje."

Nilidhani Amri angesema kitu cha kujitetea. Angeweza, alikuwa na madeni, alikuwa na haraka. Alisema tu, "Ndiyo. Niliyapakia hayo pia." Nilipochungulia alikuwa ameinama amemshika Mika mguu ule usio na vidole, kwa mikono miwili, kama mtu anayepima uzito wake. Mika alikuwa anatazama dirishani.

Kulipokucha tukapata habari kwamba Clement na wale vijana wawili wamejenga tanuru jipya, ndani zaidi ya msitu kuliko yale ya zamani. Lori hawana, walitegemea kubeba kwa baiskeli. Mke wa Clement ndiye aliyekuja kulia hapa, hataki mume wake awe kama Mika. Nilitaka kumwita Tusekile aende kuwaita maofisa. Amri akasema, "Ngoja kwanza niende mimi." Nikamkataza. Akikutwa msituni mara ya pili watamfunga, na hakuna wa kuamini kwamba alikwenda kuzima. Akasema, "Ni mimi niliyewafundisha kupanga magogo," akachukua jembe la Mika akavuka mto.

Dada, siku hiyo sikufinyanga bonge hata moja. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilimkasirikia, kisha nikamwombea, kisha nikamkasirikia tena. Mika alikaa kibarazani na fimbo yake magotini, haangalii popote isipokuwa ng'ambo.

Walirudi jua likielekea kuzama, wanne, weusi mpaka kope. Clement alikuwa anatukana njia nzima. Amri alilifumua tanuru kabla halijashika moto vizuri, magogo yakabaki magogo, kazi ya majuma mawili imekwenda. Kijana mmoja alikuwa analia waziwazi, anasema, "Wewe ulikula ukashiba, sasa unatufungia sisi sufuria." Amri alikuwa amembebea shoka.

Nikawapikia. Wali mwingi na kambale wa mtoni, kwenye jiko la udongo, kwa mabonge yangu. Moshi ulikuwepo lakini kuku hawakukimbia. Mke wa Clement akaja na watoto, Mika akasogezewa kigoda akakaa nao. Walikula wote mpaka wakakwangua ukoko. Hakuna aliyesema asante, na sikuingojea. Clement alipomaliza kunawa akauliza, si kwa kelele tena, "Haya. Tumeshuka. Kesho tunafanya kazi gani?"

Vijana wakamgeukia Amri. Na Amri, dada, akanigeukia mimi.

Pipa moja la kuunguzia pumba halitoshi watu watano. Tusekile anasema wilayani kuna mkopo wa vikundi, lakini kikundi kinatakiwa kiwe na katiba na mwenyekiti, na sisi hatujui hata pa kuanzia. Wewe ulisimama mbele ya mgeni wa mkoa. Jenista anarudi Alhamisi, gari lake lina nafasi mbele.

Njoo.

Sabra